Kibaba cha Bibi Savariyayi

Mpaka leo nikiona mzigo wa kuni nashikwa na hasira. Watu hunicheka nikisema hivyo. Ngoja nikueleze, kisha uniambie wewe kama ni jambo la kucheka.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuoni Madurai, kusini mwa India, na cheti changu kipya, nikajiandikisha na vijana wa jimbo kufundisha mwaka mmoja kwa kujitolea katika shule ya parokia ya Ottaipanai. Mshahara hakuna, ila kula na kulala. Kulala nilipewa chumba nyumbani kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Adaikalam. Kula nilikula kwa mkewe, Mama Regina, mwanamke mwenye mkono mtamu wa kupika na ulimi usiojua kupumzika.

Siku ya kwanza tu, hata sijanawa miguu, akaanza.

"Amala, mwanangu, kwenu hasa ni wapi?"

"Madurai, mama."

"Madurai kubwa. Kanisa lenu lipi?"

Nikamtajia.

"Ahaa. Na kabla ya Madurai? Babu yako kazikwa wapi?"

Unaona? Kwetu majina ya Kikristo hayasemi kitu. Amalorpavam, jina langu lote hilo, anaweza kuwa binti wa mwenye mashamba au binti wa mfagia choo. Basi mtu akitaka kujua tabaka lako hukuuliza kaburi la babu yako. Nami nilijua vizuri kaburi la babu yangu liko wapi. Babu alikuwa mpiga ngoma wa mazishi, kazi ya watu wa tabaka la chini kabisa. Aliwapigia ngoma wenye mashamba wote wa kijiji chao mpaka kaburini, na alipokufa yeye wakamzika nje ya ukuta wa makaburi, upande wa dampo. Mkristo huyo, kabatizwa na rozari shingoni.

"Baba ni karani wa reli, mama," nikasema. "Tumehamahama sana."

Akatosheka. Karani wa reli, binti anayejua Kiingereza, rangi yake si mbaya: huyu wa kwetu. Akanimiminia kahawa katika bilauri ya chuma ileile wanayonywea wao, nikaipokea kwa mikono miwili, nikanywa. Sikudanganya. Ila sikusema. Na kila asubuhi kwa miezi saba nilinywa kahawa ile na kutosema kwangu.

Ottaipanai ina barabara moja kubwa, na kanisa limekaa katikati yake. Ng'ambo ya mfereji kuna Mtaa wa Nyuma. Wote Wakatoliki, maji ya ubatizo yanatoka kisima kimoja. Lakini kanisani watu wa Mtaa wa Nyuma hukaa kushoto, karibu na mlango, na wakipita barabara kubwa huvua viatu wakavishika mkononi. Niliwahi kumuuliza Padri Irudayaraj nani aliyewaamuru. Akaniambia, "Hakuna aliyewaamuru, mwanangu. Wamezoea." Jamani! Kama kwamba mtu huzaliwa na viatu mkononi.

Nikanyamaza. Nilikuwa hodari wa kunyamaza wakati huo.

Sikukuu ya parokia ni ya Mtakatifu Sebastiani, mwezi wa Januari, mpunga ukishavunwa. Siku hiyo kijiji kizima hupikiwa wali uwanjani mwa kanisa. Mchele unatoka kwa watu wenyewe: kila nyumba inaleta, unamwagwa wote rundo moja juu ya mkeka, Padri anaunyunyizia maji ya baraka. Wenye nadhiri ndipo hutimizia hapo nadhiri zao. Wali ukishapakuliwa, kabla mtu hajatia tonge mdomoni, husomwa majina kwa kipaza sauti: fulani ametoa mchele kiasi hiki kwa ajili ya jambo hili. Nadhiri isiyosomwa, wanasema, haijatimizwa. Mwaka ule msomaji nilikuwa mimi, kwa sababu ya sauti yangu ya mjini.

Shule nayo hutoa sehemu yake. Ijumaa asubuhi nikaweka pipa mlangoni mwa darasa la nane, darasa langu, watoto wakaja na mchele wao, huyu kwenye kopo, yule kwenye mfuko. Mara nikaona watoto kumi na mmoja wanakuja na kuni kichwani. Wakazitua nje, chini ya dirisha, wakaingia na kuketi bila neno.

"Kuni za nini?" nikauliza.

"Za kupikia wali, mwalimu."

"Na mchele wenu?"

Msichana mmoja wa dawati la mbele akacheka kwa pua.

"Unacheka nini wewe? Haba na haba hujaza kibaba. Hata konzi moja yatosha! Mchana mkitoka kula, kila mmoja arudi na konzi yake ya mchele. Kuni hazitafuniki."

Wakatazamana. Nikadhani wanaona haya kwa umaskini wao. Usilolijua ni usiku wa kiza. Mimi niliyejiona nazijua dharau zote za dunia hii, hiyo ya kuni sikuwa nimeisikia: kwamba pale Ottaipanai barabara kubwa hutoa mchele na Mtaa wa Nyuma hutoa kuni. Moto wao unakubaliwa chini ya chungu, mchele wao haukubaliwi ndani ya chungu. Hakuna aliyeniambia, maana hakuna aliyedhani yuko mtu asiyejua.

Mchana watoto kumi wakarudi na konzi zao. Wa kumi na mmoja alikuwa Jenova, aliyekuwa wa kwanza darasani, mtoto anayemaliza hesabu kabla sijamaliza kuiandika ubaoni. Yeye alirudi na bibi yake. Bibi Savariyayi alisimama nje ya geti, mwembamba, viatu mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeshika furushi la nguo.

"Ingia, bibi."

"Eh?"

"Ingia!"

"Piga kelele, mwalimu," Jenova akasema. "Sikio moja limekufa, na la pili li mahututi."

Bibi akaingia, akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe ndiye uliyesema mchele?"

"Ndiye mimi."

"Si kuni?"

"Si kuni!"

Akakaa kwenye ngazi, akaweka furushi mapajani. "Huyu alipokuwa na miaka mitatu homa ilimshika siku tisa. Macho yakageuka meupe. Nikamwambia Mtakatifu Sebastiani: niachie huyu mtoto, nami nitakutilia kibaba cha mchele kwenye chungu chako, na jina langu lisomwe watu wote wasikie. Akaniachia. Miaka kumi sasa! Kila mwaka nakwenda na kibaba changu, kila mwaka Mwenyekiti wa sikukuu ananiambia, bibi, leta kuni. Hebu niambie wewe uliyesoma. Ukimwahidi mtu mchele, utampelekea kuni?"

"Hapana, bibi."

"Eh?"

"Hapana!"

"Basi na mimi nasema hapana. Mtakatifu atadhani mimi tapeli."

Ndipo nikaelewa. Nikazitazama zile kuni chini ya dirisha, na haki ya Mungu damu ilinichemka mpaka nikaisikia masikioni. Nikamsogezea pipa. Akafungua furushi, akamimina polepole, mchele mweupe umechanganyika na majani makavu ya mwarobaini ya kuzuia wadudu. Jenova akayaokota majani moja moja. Bibi akachungulia pipani, akaona mchele wake umekwisha kupotea ndani ya mchele wa wenzake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na jina?"

"Msomaji ni mimi! Nitalisoma!"

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote, bibi!"

Nilipiga kelele hivyo mpaka madarasa mengine yakatoa vichwa madirishani. Saa hiyohiyo vijana wakalibeba pipa mpaka kanisani, wakalimwaga kwenye rundo, Padri akanyunyiza maji yake. Jioni watoto wakaenda kusimulia makwao.

Jumamosi asubuhi nikakuta baraza imejaa. Mwalimu Mkuu ameketi, Padri ameketi, na Bwana Savarimuthu, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu na mwenye mashine ya kukobolea mpunga, amesimama jasho likimtoka na jua halijapanda.

"Mwalimu," akasema, "umetuua."

"Nani amekufa?"

"Usinifanyie mzaha! Mchele wa Mtaa wa Nyuma umo kwenye rundo!"

"Umo. Na Padri ameubariki. Nilikuwepo."

"Hukuambiwa kwamba wale hutoa kuni?"

"Sikuambiwa. Mngeona haya kuniambia, nafikiri."

Mama Regina akatoka jikoni na upawa mkononi. "Sasa itakuwaje? Nimetoa pishi tano nzima mimi kwa ajili ya mguu wangu!"

"Si mchambue?" nikasema. "Leteni ungo, mkae hapa barazani, mchague punje. Mkishajua ipi ya Bibi Savariyayi na ipi ya Mwenyekiti, mnifundishe na mimi, maana chuoni hatukufika huko."

"Chunga ulimi wako, binti!"

"Basi tuumwage," Mama Regina akasema. "Tuumwage wote, tununue mwingine."

Mwenyekiti akamgeukia kama aliyetukanwa. "Magunia kumi na nane? Mawili yangu? Una akili wewe?"

Na sasa sikiliza vizuri, maana hili ndilo sijawasamehe. Mwalimu Mkuu akakohoa, akasema taratibu, "Kwani nani anajua? Watoto tu. Na watoto husema mengi."

"Ndiyo," Mwenyekiti akasema, na jasho likaanza kumkauka. "Watoto husema mengi. Tufunike kombe mwanaharamu apite."

Ee Mungu wangu! Miaka na miaka wamemrudisha yule bibi na kibaba chake, kwa sababu eti mchele uliopita mikononi mwake unawanajisi. Leo unajisi umegusa magunia ya Mwenyekiti, basi si unajisi tena, mradi pasiwe na mtu wa kuutaja! Walikuwa tayari kuula. Walikuwa tayari kulamba vidole. Kumbe hawakuwa wanaamini hata huo upuuzi wao.

"Ila jina," Mwenyekiti akasema, akinyoosha kidole. "Jina la yule bibi halisomwi. Utasoma karatasi niliyoandika mimi."

"Nimemwahidi."

"Amala, mwanangu," Padri akasema. Huyu ndiye niliyemtegemea. "Mchele wake umekwisha kuingia. Mungu anaujua moyo wake. Tusivuruge amani."

"Amani ya nani, Padri?"

Akatazama ndala zake.

"Na kumbuka," Mwalimu Mkuu akaongeza kwa upole, "barua yako ya jimbo naiandika mimi. Bila barua ile hakuna shule itakayokuajiri."

"Ah, ataelewa," Mama Regina akasema, akanishika bega. "Huyu ni mtoto wa watu wa heshima. Huyu ni wetu." Akaniwekea mkononi bilauri ya kahawa.

Niliishika mpaka ikapoa. Kila nilipotaka kuinywa niliona ukuta wa makaburi, na babu upande wa dampo. Nikaimwaga kwenye maua yake.

Jumapili baada ya misa watu wakaketi uwanjani kwa mistari, chini ya turubai, kila mtu na jani lake la mgomba mbele yake. Wa barabara kubwa tu. Wa Mtaa wa Nyuma walisimama kule ukutani, karibu na kengele, wakingoja zamu yao ya pili, na kuni zao zikiendelea kuwaka chini ya masufuria. Wali ukapakuliwa, ukamwagiwa mchuzi wa dengu, harufu ikapanda. Mikono yote mapajani. Kule ukutani nikamwona Bibi Savariyayi amevaa sari nyeupe, ametegesha kiganja nyuma ya sikio. Jenova alikuwa pembeni yake.

Nikasoma. "Savarimuthu, magunia mawili, kwa ajili ya mashine mpya. Regina, mke wa Adaikalam, pishi tano, kwa ajili ya mguu wake." Majina yakaenda, majina yakaja, mwenye mguu, mwenye kesi ya shamba, mwenye mtoto aliyefaulu. Karatasi ikaisha. Padri akasimama, akainua mkono kubariki chakula.

Sikuachia kipaza sauti.

"Savariyayi, wa Mtaa wa Nyuma," nikasema. "Kibaba kimoja cha mchele. Kwa ajili ya mjukuu wake Jenova, aliyepona homa. Na mchele wake umo katika huo wali ulio mbele yenu."

Mwanamume mmoja wa mstari wa mbele aliyekuwa amekwisha kunyemelea tonge akaurudisha mkono haraka, utadhani kashika kaa la moto. Mama Regina akaziba mdomo. Mkono wa Padri ukabaki hewani, haujui ubariki au ushuke.

"Zimeni kipaza sauti!" Mwenyekiti akaruka. "Zimeni! Jamani, msimsikilize, huyu binti mgeni, hajui mila zetu, ni mtoto wa watu wa heshima, amedanganywa na..."

"Watu wa heshima kweli, Mwenyekiti!" Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, nikasema kwa koo langu. "Babu yangu alikuwa mpiga ngoma wa mazishi, na kazikwa nje ya ukuta. Mtaa wa Nyuma uko kila kijiji, na mimi natoka wa kwetu. Miezi saba nimekula sahani za Mama Regina, bilauri yake nimeitia mdomoni kila siku ya Mungu. Muulizeni kama kuna mtu aliyeumwa hata tumbo!"

Weee! Uwanja ukalipuka. Mmoja ananitukana mimi, mwingine anamtukana Mwenyekiti kwa kuwaficha, Mama Regina analia juu ya vyombo vyake, Mwalimu Mkuu ananipigia kelele nifungashe leo hiihii. Wengine wakainuka, wakaacha majani yao na wali wake, wakaenda zao. Lakini wengi, nisiwasingizie, hawakuinuka. Walikaa wakiutazama wali, wakimeza mate, wanangoja mtu mwingine aanze kuwa na msimamo.

Katika kelele zile Bibi Savariyayi akaondoka ukutani. Alikuja polepole katikati ya mistari, kwenye njia wanayopita wapakuaji, mahali ambapo mtu wa mtaa wake hajakanyaga. Walioketi wakavuta majani yao kumpisha. Jenova alimfuata nyuma akimshika pindo. Bibi akafika mbele yangu, akasimama.

"Kelele zote hizi za nini?" akauliza kwa sauti ya kiziwi, wote wakamsikia. "Jina langu limesomwa?"

"Limesomwa, bibi!"

"Sikusikia. Soma tena."

Nikapaza sauti kama nilivyofundishwa getini. "Savariyayi, wa Mtaa wa Nyuma! Kibaba kimoja cha mchele! Kwa ajili ya mjukuu wake Jenova, aliyepona homa!"

Watu walikuwa wamenyamaza sasa. Akageuka, akawatazama mstari kwa mstari, akaweka tena kiganja sikioni.

"Eh?" akasema.

Nikalisoma mara ya tatu.

Niliondoka Ottaipanai kwa basi la saa tisa, na barua ya jimbo sikuipata. Mwezi uliofuata Jenova akaniandikia. Mwaka ujao, alisema, watoto wote kumi na mmoja watabeba mchele, na Mwenyekiti ameapa kusimama mwenyewe mlangoni kuwazuia. Kisha akanieleza kwamba siku ile bibi alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.